TIBA YA KISUKARI NI SHAURI LA WAWILI

Mkulima wa Rungwe anayefikisha kahawa yake ghalani huutazama mzani kwa macho yake mwenyewe, husikia uzito ukitamkwa, kisha huondoka na stakabadhi mkononi. Akiona tofauti, huuliza papo hapo, na karani hana budi kumjibu. Hakuna amwonaye kuwa hana adabu kwa sababu ya swali hilo, kwa kuwa mali ni yake na chama ni chake. Lakini mkulima huyo huyo anapokwenda kliniki ya kisukari, hutobolewa kidole, damu yake hupimwa, tarakimu huandikwa daftarini, naye hurudi nyumbani bila ya kujua tarakimu hiyo ni ngapi wala ina maana gani. Akiulizwa kama ameelewa, hujibu, "Ndiyo." Akiulizwa kama anakunywa dawa, hujibu, "Ndiyo." Baada ya miezi kadhaa huletwa tena hospitali akiwa na kidonda mguuni.

Makala haya yanaeleza kwa nini "ndiyo" ya namna hiyo ni ya hatari, na jinsi mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili na daktari wake wanavyoweza kushauriana na kuamua pamoja. Jambo hili halipo nje ya kazi za ushirika. Kanuni ya tano ya ushirika inahusu elimu, mafunzo na taarifa kwa wanachama. Na kanuni ya saba, iliyoongezwa mwaka 1995 na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika, inahusu kuijali jamii. Aidha, mwanachama aliyekatwa mguu hawezi kupalilia shamba, na chama hupoteza mazao yake, mchango wake na busara yake mkutanoni.

UGONJWA WENYEWE

Kisukari ni hali ya sukari kuzidi katika damu kwa muda mrefu. Chakula kinapoyeyushwa tumboni, sukari huingia katika damu ili ipelekwe kila sehemu ya mwili kutoa nguvu. Kazi ya kuiingiza sukari hiyo mwilini hufanywa na insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho huwa halitengenezi insulini kabisa au hutengeneza kidogo mno, na mgonjwa hana budi kudungwa insulini kila siku. Katika aina ya pili, insulini ipo lakini mwili hauitumii ipasavyo, na kadiri miaka inavyopita kongosho nalo huchoka. Wagonjwa walio wengi wana aina hii ya pili. Huja polepole kwa watu wazima, na mtu aweza kukaa nayo miaka kadhaa bila kujua. Dalili zake ni kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, uchovu, kupungua mwili bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Watu husema pia kwamba sisimizi hukusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Hata hivyo, sisimizi si kipimo. Kipimo ni cha damu. Sukari ikifika milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kula chochote kwa saa 8 au zaidi, au 11.1 wakati wowote kwa mtu mwenye dalili, daktari huutambua ugonjwa huo.

Zamani ilidhaniwa kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Dar es Salaam wakiongozwa na Profesa Donald McLarty walipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100. Ingawa chunguzi hizo mbili hazikufanywa kwa namna moja, ni dhahiri kwamba ugonjwa umeongezeka. Nyanda za Juu Kusini, tangu Mbeya hadi Iringa, pamoja na Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016, hazikuachwa nyuma.

Sukari isipodhibitiwa huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu, moyo na miguu. Lakini madhara hayo si ya lazima. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza kwa miaka 20, ambao ulihusu wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa aina ya pili, ulitoa matokeo yake mwaka 1998. Ulithibitisha kwamba kushusha sukari, na kushusha shinikizo la damu kwa walio nalo, hupunguza madhara hayo, hasa ya macho na figo. Basi swali si kama tiba ipo. Swali ni jinsi tiba hiyo itakavyofuatwa na mkulima mwenye jembe, familia na mfuko usiojaa kila mwezi.

KWA NINI NI SHAURI LA WAWILI

Mtu akiugua malaria, daktari humpima, humpa dawa za siku tatu, naye akizimaliza hupona. Hapo amri ya daktari yatosha. Kisukari si hivyo. Mgonjwa huonana na daktari kwa dakika chache, mara moja kwa mwezi au kwa miezi kadhaa. Siku nyingine zote yeye mwenyewe ndiye mganga wake: ndiye anayeamua kula kiasi gani, kunywa dawa saa ngapi, kwenda shamba akiwa na njaa au ameshiba, na kununua dawa au kulipa ada ya mtoto.

Kwa hiyo elimu inayohitajika imegawanyika sehemu mbili. Daktari anaujua ugonjwa na dawa. Mgonjwa anayajua maisha yake: kazi zake, jiko lake, mapato yake na hofu zake. Daktari akitoa amri isiyolingana na maisha hayo, haitafuatwa. Mgonjwa naye akiamua jambo kwa siri, daktari atatibu kitu kisichokuwepo. Wazo hili si geni duniani. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka kwamba wananchi wana haki na pia wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Na katika Tanzania yenyewe, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili afya yao wenyewe na kuamua la kufanya vijijini mwao. Mwananchi wa kawaida alionyesha wakati ule kwamba mambo ya afya yako ndani ya uwezo wa akili yake.

MAMBO YANAYOFICHWA

Wagonjwa wengi huficha mambo, si kwa ubaya, bali kwa heshima, kwa aibu au kwa kuogopa kukemewa. Yanayofichwa mara nyingi ni haya:

(a) Fedha. Mkulima wa kahawa au wa mahindi hupata fedha kwa msimu, baada ya mazao kuuzwa. Dawa huhitajika kila siku. Miezi ya njaa inapofika, wapo wanaokunywa kidonge kimoja badala ya viwili, au siku moja wanakunywa na nyingine wanaacha. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha jinsi umaskini unavyowafanya wagonjwa wa kisukari kuyaacha matibabu kwa ajili ya mahitaji mengine ya nyumbani. Kijijini hali haina tofauti kubwa.

(b) Chakula. Mgonjwa huambiwa, "Punguza ugali." Lakini nyumbani sinia ni moja, watoto wanakula, mgeni yupo, na kazi ya shamba inataka nguvu. Mgonjwa huona haya kumwambia daktari kwamba ushauri huo haukuwezekana hata siku moja.

(c) Usumbufu wa dawa. Metformini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi, huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha katika wiki za mwanzo. Mara nyingi hali hiyo hupungua ikinywewa pamoja na chakula na kuanzwa kwa kiasi kidogo. Asiyejua hayo huitupa.

(d) Mitishamba na pombe. Wapo wanaotumia majani na mizizi pamoja na vidonge, na wapo wanaokunywa komoni au ulanzi. Ulanzi ule mtamu, yaani mtogwa, huhesabiwa na wengine kuwa si pombe, lakini una sukari. Na ukishachacha, pombe yake pamoja na baadhi ya vidonge huweza kuishusha sukari kupita kiasi.

(e) Mambo ya faragha. Kisukari chenyewe huweza kupunguza nguvu za kiume. Wanaume wengi hudhani dawa ndiyo iliyoleta upungufu huo, wakaiacha kimya kimya. Kumbe ni kuiacha dawa kunakozidisha shida hiyo.

Hatari ya kuficha ni hii. Chukulia mgonjwa aliyekosa dawa nusu ya mwezi. Anafika kliniki, sukari yake iko juu, naye anasema amekunywa dawa zote. Daktari, kwa kuamini maneno hayo, huona kwamba dawa haitoshi na huiongeza. Mgonjwa akirudi nyumbani na kuanza kunywa dawa zote kwa kiasi kipya, sukari huweza kushuka ghafla akaanguka shambani. Daktari hakukosea hesabu. Alipewa hesabu zisizo za kweli. Makatibu wanalijua jambo hili vizuri: vitabu vikiandikwa uongo, hata mkaguzi hodari atafikia jibu la uongo.

MAZUNGUMZO YA NAMNA MBILI

Tofauti kati ya mazungumzo yenye faida na yasiyo na faida yaweza kuonekana katika mfano huu mfupi. Daktari kijana anamwona mzee wa miaka 60 hivi.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, daktari."
"Sukari yako leo ni 14. Dawa unakunywa?"
"Ndiyo."
"Basi nakuongezea dawa. Rudi mwezi ujao."

Hapo hakuna aliyegombana na mwenzake, na adabu imetimizwa. Lakini hakuna lililojulikana. Sasa mazungumzo hayo hayo yaende kwa namna nyingine.

"Mzee, sukari yako leo ni 14, na sisi tungependa iwe chini ya 7 kabla ya kula. Watu wengi hukosa dawa siku moja moja. Wiki iliyopita wewe ulikosa mara ngapi?"
"Kusema kweli daktari, ni siku nne. Nikikimeza kidonge alfajiri na kwenda shamba, natetemeka na jasho linanitoka. Kwa hiyo siku za kulima sinywi."
"Unakula saa ngapi siku hizo?"
"Saa sita, mama watoto akileta chakula."
"Basi tusiongeze dawa. Kidonge hiki hushusha sukari hata kama hujala, ndiyo maana unatetemeka. Zipo njia mbili. Ya kwanza, ule kidogo asubuhi ndipo ukinywe. Ya pili, ukihamishie chakula cha saa sita. Ipi unaiweza?"
"Asubuhi moto hauwashwi mapema. Hiyo ya saa sita nitaiweza."
"Vema. Ukifika nyumbani, utamweleza mama namna gani?"
"Kwamba kidonge ni pamoja na chakula cha mchana, si alfajiri. Na nikitetemeka ninywe maji ya sukari upesi, kisha nile."
"Hivyo hivyo, mzee. Turudi kuonana baada ya wiki mbili."

Katika mazungumzo haya ya pili daktari ametenda mambo manne. Ametaja tarakimu na lengo. Ameuliza kwa namna isiyomwaibisha mzee. Ametoa njia zaidi ya moja na kumwachia mgonjwa kuchagua ile anayoiweza. Mwisho amemtaka arudie kwa maneno yake mwenyewe, ili ijulikane kama yameeleweka. Mzee naye ametenda moja lililo kubwa kuliko yote: amesema kweli.

Kidonge kinachosemwa hapo ni cha namna ya glibenklamaidi. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa kali, mapigo ya moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa. Ikitokea, mgonjwa anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apumzike kwa dakika 15, na dalili zikizidi kuwapo arudie. Kisha ale chakula. Mtu aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mara moja. Yafaa mkulima mwenye kutumia dawa hizo awe na sukari kidogo mfukoni aendapo shamba.

MAMBO YA KUAMUA PAMOJA

Si kila jambo ni la kujadiliana. Mwenye aina ya kwanza haachi insulini hata siku moja. Kidonda cha mguu hakisubiri siku ya kliniki. Na mgonjwa anayetapika, anayehema kwa nguvu na kusinzia hupelekwa hospitali bila mjadala. Lakini yapo mambo mengi ambayo hayana jibu moja, na hayo ndiyo ya shauri la wawili.

La kwanza ni chakula. Katika nyanda hizi chakula ni ugali, viazi mviringo vya Uporoto, ndizi za Rungwe na wali wa Kyela. Vyote hivyo hugeuka sukari mwilini, hata kama si vitamu mdomoni. Mgonjwa hakatazwi kuvila. Linalotakiwa ni kipimo: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe ugali au viazi, na robo iwe maharage, samaki, yai au nyama. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, lakini dona nyingi bado ni nyingi. Chai na uji vinywewe bila sukari. Jinsi ya kulipata hilo katika sinia la familia ni jambo la kuzungumza: huenda mgonjwa akapakuliwa peke yake, au nyumba nzima ikabadili mlo, jambo ambalo ni jema kwa wote. Kwa sababu hiyo, mwenye kupika nyumbani aende kliniki pamoja na mgonjwa walau mara moja.

La pili ni aina ya dawa. Zipo dawa za zamani zenye bei nafuu na zipo mpya zenye bei kubwa. Mgonjwa asiyesema uwezo wake huandikiwa dawa asiyoweza kuinunua mwezi wa pili. Dawa ya bei nafuu inayonywewa kila siku hufaa kuliko ya ghali inayobaki dukani. Kadhalika, mwenye kufunga Ramadhani au Kwaresima amweleze daktari mapema, kabla ya mfungo kuanza, ili dawa na saa zake zipangwe, au aelezwe waziwazi kama kufunga kutamdhuru.

La tatu ni sindano. Wengi huamini kwamba insulini ni dalili ya kukaribia kufa, au ni adhabu kwa mgonjwa mkaidi. Sivyo. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyopita, hata kwa mgonjwa mtiifu, na insulini huziba pengo hilo. Mgonjwa anayo haki ya kueleza hofu yake na kuuliza maswali: atajidunga mwenyewe au nani atamsaidia, na ataihifadhi wapi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutunzwa katika ubaridi wa jokofu bila kugandishwa. Kilichofunguliwa huweza kukaa mahali pa baridi ya kawaida, mbali na jua na moto, kwa kiasi cha wiki nne. Na penye joto, mtungi wa udongo wenye majimaji husaidia.

La nne ni lengo. Zaidi ya kipimo cha kidole, hospitali kubwa hupima wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kipimo kiitwacho HbA1c. Kwa wagonjwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Lakini mzee wa miaka 75 anayeishi peke yake na ambaye sukari yake hushuka upesi, aweza kuwekewa lengo la chini ya asilimia 8, kwa kuwa kwake kuanguka ni hatari kubwa zaidi. Mgonjwa na ajue lengo lake ni lipi na kwa nini.

MIGUU

Sehemu hii yastahili kusisitizwa, kwa sababu hapa ndipo ukimya unapogharimu zaidi. Kisukari huua hisia za nyayo. Mgonjwa hukanyaga mwiba au kisiki asisikie. Katika baridi ya mwezi Juni na Julai, huko Makete, Mufindi na Uporoto, watu huota moto jikoni. Mwenye ganzi huungua vidole bila kujua mpaka aone malengelenge. Madaktari wa Dar es Salaam wamekwisha kuandika habari za wagonjwa walioguguniwa miguu na panya wakiwa usingizini, nao hawakuamka.

Kwa hiyo mgonjwa akague miguu yake kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri akaguliwe na mtoto au mjukuu. Asitembee peku, hata nyumbani. Kabla ya kuvaa mabuti ayakung'ute na kupapasa ndani. Asiote moto kwa karibu. Na ajapo kliniki avue viatu bila kungoja kuambiwa, aseme, "Daktari, naomba unitazame miguu." Ombi hilo moja limewaokolea watu miguu yao. Tangu mwaka 2004 ulipoanza mradi wa Hatua kwa Hatua wa kuwafunza madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu ya wagonjwa wa kisukari nchini, imethibitika kwamba kidonda kinachowahiwa hupona bila kisu.

JINSI YA KUJIANDAA KWA KLINIKI

Siku ya kliniki watu ni wengi na muda ni mfupi, iwe katika kituo cha afya cha tarafa, Hospitali ya Tosamaganga, hospitali ya rufaa ya mkoa huko Iringa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Anayekwenda bila matayarisho hukumbuka la maana akiwa njiani kurudi. Mwanachama na afanye hivi:

1. Achukue daftari lake la kliniki na pakiti zote za dawa anazotumia, pamoja na mitishamba kama ipo.
2. Aandike, au aandikiwe na mwanawe, mambo mawili au matatu yanayomsumbua zaidi.
3. Aseme kweli siku alizokosa dawa na sababu yake.
4. Aulize: Sukari yangu ni ngapi leo? Shinikizo la damu ni ngapi? Lengo letu ni lipi?
5. Aulize: Dawa hii inywewe saa ngapi, na nikikosa kula nifanyeje? Ipo njia nyingine?
6. Aulize: Macho na figo zangu zitapimwa lini? Vipimo hivyo hutakiwa walau mara moja kwa mwaka.
7. Kabla ya kuondoka ayarudie maagizo kwa maneno yake mwenyewe.

Mzee anayeeleza vizuri zaidi kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa asione haya kumwomba muuguzi anayejua lugha hiyo, au aende na ndugu. Kutoelewa si aibu. Aibu ni kujifanya umeelewa.

Daktari naye ana wajibu wake. Akimkemea mgonjwa aliyekiri kukosa dawa, amemfundisha kudanganya safari ijayo. Swali la mgonjwa si dharau, na jibu la dakika mbili leo huzuia kulazwa kwa wiki mbili kesho.

WAJIBU WA CHAMA NA KATIBU

Chama cha msingi si zahanati, wala katibu si tabibu. Hata hivyo yapo mambo ambayo chama kinaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, chama kimwalike tabibu au muuguzi wa kituo cha karibu azungumze na wanachama kwa nusu saa kabla ya mkutano mkuu, na wenye kupenda wapimwe sukari na shinikizo la damu. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, yafaa kwa kazi hiyo. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimekuwa kikifanya kazi ya elimu ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Pili, katibu awashauri wanachama watenge fedha za dawa mara baada ya malipo ya mazao. Penye chama cha akiba na mikopo, mwanachama mwenyewe aweza kuomba fungu la akiba litengwe kwa ajili ya miezi ya njaa. Aidha, wanachama waelezwe habari za bima ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na makatibu hawana budi kufuatilia katika halmashauri zao utaratibu unaowahusu wakulima.

Tatu, katibu alinde siri. Mwanachama akimweleza habari za ugonjwa wake, habari hizo zisiandikwe katika vitabu vya chama wala zisitajwe mkutanoni. Chama kisichoweza kutunza siri hakiwezi kuambiwa kweli.

Nne, wanachama wenye kisukari wanaokaa karibu waweza kukutana mara moja kwa mwezi, wakapashana habari za mlo, wakakumbushana siku ya kliniki, na kusindikizana. Mgonjwa mwoga akiwa na mwenzake hupata ujasiri wa kuuliza.

Ushirika umejengwa juu ya imani kwamba mtu wa kawaida, akielezwa ukweli na kupewa nafasi ya kusema, anaweza kuamua mambo yake kwa busara. Imani hiyo haiishii penye mlango wa hospitali. Mgonjwa wa kisukari ataishi na ugonjwa wake miaka 20, 30 au zaidi. Daktari atabadilika, dawa zitabadilika, lakini yeye ndiye atakayebaki na mwili huo. Kila mwanachama aliye na kisukari, au aliye na ndugu mwenye kisukari, na aifungue tena safari yake ijayo ya kliniki kwa swali moja: "Daktari, sukari yangu ni ngapi, na sisi wawili tufanye nini?"